Jetoni Haiongezi Maji

Palikuwa na kambi ya wakimbizi wa ndani kwenye mteremko wa kilima kimoja cha Masisi, mashariki mwa Kongo, ukishaipita Sake kutoka Goma. Sitaipa jina, maana kisa hiki ni cha kufundishia, na kambi zilizofanana nayo zimekuwa nyingi. Watu wake walitoka kila upande. Wengine walitoka vijiji vya jirani vilivyochomwa, wengine walitoka Walikale, wakitembea siku nyingi msituni na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Walijenga vibanda vya matawi na maturubai, na katikati yake shirika moja likaweka tangi la maji ya chemchemi lenye mabomba manne.

Mwanzoni foleni ilipangwa na mabidoni. Mama analeta bidoni lake la njano usiku, analifunga kitambaa chekundu mpinini ili asilichanganye na la mwenzake, analiweka nyuma ya lililotangulia, kisha anarudi kulala. Alfajiri anakuta zamu yake imehifadhiwa. Utaratibu huo ulikwenda vizuri mpaka vijana walipoanza kuyasogeza mabidoni ya wengine gizani. Ikabidi wanawake walale pale pale kuyalinda. Wakawa wanatoka vibandani saa tisa usiku, katika eneo ambalo wenye bunduki hupita wapendavyo. Kila mtu Masisi anajua mwanamke anayekuwa nje peke yake saa hiyo anahatarisha nini.

Komite ya maji ikakaa, ikapata shauri jema. Wakakata maboksi ya sabuni kuwa vipande vidogo, wakaviandika namba, wakavigonga mhuri wa kambi. Kila siku saa kumi na moja jioni mtu angekuja kwa prezida wa kambi kuchukua kipande chake, yaani jetoni ya kesho. Mwenye namba 40 angejua kwamba hana haja ya kufika kabla ya jua kuchomoza. Hakuna tena kulala bombani, hakuna kupigania nafasi. Juma la kwanza kambi nzima ilishukuru, na ilikuwa na haki ya kushukuru, kwa kuwa jetoni ilitungwa kwa nia safi.

Sasa tazama ni nani aliyekuwepo kambini saa kumi na moja jioni. Walikuwepo wasio na kazi ya kwenda, wenye vibanda vya karibu na prezida, na wenye watoto wakubwa wa kuwatuma. Wasiokuwepo ni akina mama wanaokwenda kulima mashamba ya watu milimani kwa ujira wa siku, wanaorudi giza limeingia na maharage kidogo ndani ya kitambaa. Hao walikuta jetoni za mwanzo zimekwisha, wakapewa namba za mwisho, zile ambazo zikifika bombani tangi linakuwa limekauka.

Mmoja wao, mama mwenye watoto watano, alikwenda kulalamika.

“Papa Prezida, mimi natoka shambani saa moja usiku. Hiyo jetoni nitaichukua saa ngapi?”

“Mama, sheria ni moja kwa wote. Anayetaka maji afike saa kumi na moja.”

Ni kweli sheria ilikuwa moja kwa wote, ila siku za watu hazikuwa sawa. Masharti yakilingana kwa watu wasiolingana, aliyekwisha kuachwa nyuma huachwa zaidi, tena huambiwa kwamba kosa ni lake.

Haikupita muda jetoni ikawa bidhaa. Kijana aliyechukua tatu alitumia moja akauza mbili, faranga 200 kila moja. Mpika kasiksi, ambaye pombe yake ya ndizi inakula maji mengi, akawa ananunua kumi kwa mpigo. Walinzi wa tangi walijua, na kwa kunyamaza kwao walipewa chao. Hakuna aliyevunja kufuli wala kupiga mtu. Kila mwenye jetoni alisimama kwa adabu, akaita namba yake, akachota. Udhalimu wa namna hii ni mgumu kuushitaki, kwa sababu kwa macho unaonekana ni nidhamu.

Komite ilikuwa imetenga pia mstari wa pembeni kwa wajawazito, wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Bibi kizee mmoja alikuwa akichota hapo kila asubuhi bila tabu. Siku moja kijana akamsogelea. “Mama mzee, nisaidie. Simama na mimi tu mpaka bombani, niseme ni wewe ninayekuchotea. Nitakupatia kipande cha sabuni.” Bibi hakuwa na sabuni, akakubali. Kesho yake akaja mwingine. Baada ya muda mfupi kila bibi kambini alikuwa na mpangaji wake, vichanga vikaazimwa kwa jirani, na mstari wa wanyonge ukawa mrefu kuliko ule wa kawaida. Komite ilipochoka kudanganywa iliufuta mstari wote. Vijana wakarudi kununua jetoni kama zamani. Bibi akabaki na sabuni yake na foleni ya juani.

Kilipofika kiangazi, mwezi wa saba, chemchemi ilipungua. Mabomba mawili yakakauka, mawili yakawa yanatoa uzi mwembamba wa maji. Jetoni ziliendelea kutolewa kwa idadi ile ile. Mama wa watoto watano alisimama siku nzima na namba yake halali mkononi, akaambiwa maji yamekwisha. Akashuka bondeni kwenye kijito ambacho vyoo vya kambi huvujia, akachota. Bibi kizee naye akashuka. Wengi wakashuka.

Kipindupindu kikaanza. Mtoto wa yule mama alitapika na kuhara usiku kucha, asubuhi macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Aliwahishwa kituoni, wauguzi wakamtundikia maji ya mshipani, akapona. Bibi kizee hakuwa na wa kumbeba, akafariki kabla jua halijazama. Siku chache baadaye mjukuu wa prezida, ambaye hakuwahi kukosa maji ya bomba hata siku moja, naye akashikwa. Vyoo ni vya wote, na nzi hutua kibanda chochote. Kipindupindu hakiulizi mtu ana jetoni namba ngapi.

Hapa kisa kinasimama kidogo, na funzo linaanza.

Jetoni haikuongeza hata lita moja ya maji. Kuhifadhi nafasi mapema, kuwe kwa bidoni, kwa kipande cha boksi au kwa simu, hakuzalishi kitu. Kinachofanyika ni kungoja kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kila dakika aliyoiokoa mwenye namba ya kwanza iliongezwa kwa mwenye namba ya mwisho. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya utaratibu wowote wa aina hii si kama foleni imenyooka. Swali ni nani sasa anayengoja zaidi, na kama alikubali.

Mashirika ya misaada duniani yana vipimo vyao vinavyoitwa Sphere. Bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250, mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na asisimame foleni zaidi ya dakika 30. Kwa kipimo hicho mabomba manne yanatosha watu 1,000. Kambi ikiwa na mara mbili au mara tatu ya idadi hiyo, foleni ni dalili tu; ugonjwa wenyewe ni uhaba. Komite yetu ilitibu dalili kwa ustadi mkubwa, na ustadi huo ukamfanya kila mtu asahau kudai bomba la tano. Wenye sauti ndio waliokuwa na jetoni za mwanzo, kwa hiyo wao hawakuwa na sababu ya kupiga kelele.

Tusidhani kwamba haya ni matatizo ya maskini peke yao. Nchini Marekani kampuni ya Disney ina viwanja vikubwa vya michezo, ambako watu hupanga mstari kupanda mabembea na vigari vya kasi. Mwaka 1999 ilianzisha tikiti ya bure ya kuhifadhi zamu: unaichukua, unakwenda kutembea, unarudi saa iliyoandikwa. Mwaka 2021 nafasi hizo zikaanza kuuzwa. Tangu 2024, katika kiwanja chake cha Florida, anayelala kwenye hoteli za kampuni hiyo anaruhusiwa kununua nafasi siku 7 kabla ya ziara yake, na wengine siku 3. Ni safari ile ile ya jetoni ya Masisi: ilianza kama huruma kwa wote, ikawa bidhaa, kisha ikawa fungu la walio karibu na mwenye mhuri.

Hata mstari wa wanyonge una ndugu yake huko. Mwaka 2013 magazeti ya New York yaliandika juu ya familia tajiri zilizokodi watu wenye ulemavu kwa dola 130 kwa saa ili wapite nao mlango wa pembeni. Mwaka ule ule Disney ikabadilisha utaratibu wake, na mwaka 2024 ikaubana tena, mpaka watu wenye ulemavu wa kweli wakalalamika kwamba wamefungiwa nje. Mwongo huiba nafasi, na mkweli ndiye anayelipa gharama ya kuziba ufa. Tofauti ni kwamba kule anayekosa zamu anakosa bembea, na Masisi anakosa maji.

Kwetu hila za namna hii zimekwisha kugusa hata orodha za misaada yenyewe. Juni 2020 shirika la habari la The New Humanitarian lilifichua ulaghai mashariki mwa Kongo: wafanyabiashara, viongozi wa jamii na baadhi ya wafanyakazi wa misaada walishirikiana kuongeza majina ya wakimbizi wasiokuwepo ili kugawana pesa zilizotolewa. Shirika la Mercy Corps, ambalo uchunguzi wake wenyewe ndio ulioibua jambo hilo mwaka 2018, lilikadiria kupoteza zaidi ya dola 600,000. Kila jina la uongo lilikaa mahali pa mtu aliyelala na njaa.

Na katika Masisi na Walikale orodha ni kitu kizito kuliko karatasi yake. Hii ni nchi ambayo ugomvi wa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni ulimwaga damu sokoni Ntoto, Walikale, Machi 1993, ukaenea Masisi yote. Mahali kama hapo, jina likitangulizwa au likirukwa, watu hawaulizi tu kama karani alikosea. Wanauliza karani ni wa kabila gani. Foleni ya haki kwenye bomba moja ni kazi ya amani, na foleni ya hila huongeza kuni kwenye moto ambao haujawahi kuzimika.

Kambi ile ya mfano ilijifunza, ingawa kwa bei mbaya. Baada ya mazishi watu walikutana, wakachagua komite mpya ambayo nusu yake ni wanawake, wakiwemo wanaokwenda mashambani. Jetoni haikufutwa, kwa sababu hakuna aliyetaka wanawake warudi kulala bombani. Ila sasa ilitolewa moja kwa kila kaya, ikiwa na namba ya kadi ya kaya hiyo, na asiyekuwa na kadi hiyo haruhusiwi kuitumia. Vibanda viligawanywa katika bloki: bloki inayoanza kuchota leo inakuwa ya mwisho kesho. Sehemu ya maji ilibaki tangini hadi jioni kwa ajili ya wanaotoka kazini. Wazee na wagonjwa walitajwa na majirani wao mbele ya mkutano wa bloki, ambako ni vigumu kukodisha bibi wakati kila mtu anamjua. Kila asubuhi walitangaza kwa sauti tangi lina maji kiasi gani, na jetoni hazikutolewa kuzidi kiasi hicho. Kaya za wanakomite zikachota mwisho. Tangu siku hiyo komite hiyo hiyo ikawa ya kwanza kwenda kwa shirika kudai bomba la tano.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni shauri zuri njiani, ukikutana na mtu mwenye ubavu kuliko wewe. Foleni iliwekwa ili pawepo angalau mahali pamoja ambapo asiye na nguvu hapaswi kumpisha mtu. Ukipewa kazi ya kuandika orodha, iwe ya maji, ya unga, ya mbegu au ya kitanda cha hospitali, anza kwa kuuliza ni nani hawezi kufika saa uliyoipanga, kisha panga upya. Zuia namba isiuzwe. Soma orodha hadharani. Jiweke mwisho, na usiache kudai kile kinachopunguka. Na wewe uliye na namba ya kwanza, usinyamaze kwa sababu bidoni lako limejaa. Maji atakayoyachota jirani yako bondeni yatarudi mlangoni pako.