Siku Moja Katika Juma

Katika Injili ya Mtakatifu Yohane twasoma habari za mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, mgonjwa kwa miaka 38. Bwana Wetu alipomwuliza kama ataka kupona, alieleza tu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Tumemkumbuka mgonjwa huyo tulipotafakari maisha ya Sammy Lee, mchupaji mashuhuri wa Marekani, aliyefariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 96.

Alizaliwa mwaka 1920 huko Fresno, California, mtoto wa wazazi Wakorea. Tangu ujana wake aliupenda mno mchezo wa kuchupa majini kutoka jukwaa refu. Lakini katika birika la kuogelea la mji wa Pasadena vijana wasio Wazungu waliruhusiwa siku moja tu katika juma, yaani Jumatano. Na kama alivyosimulia mwenyewe, baada ya hapo maji yote yalimwagwa, yakatiwa mengine. Tulifikiri jambo hilo, ndugu wasomaji. Kijana anajua ya kuwa maji yaliyogusa mwili wake yahesabiwa kuwa najisi. Nani awezaye kupima jeraha la namna hiyo?

Siku nyingine je? Mwalimu wake, Jim Ryan, alichimba shimo uani kwake, akalijaza mchanga, na humo kijana akajizoeza kuruka na kupinduka hewani. Mchanga haumpokei mtu kwa upole kama maji!

Kisha vita vikuu vikafuta Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 na ya 1944, miaka ambayo nguvu za ujana wake zilikuwa kamili. Hakukaa bure, alisoma, akapata shahada ya udaktari mwaka 1947. Mwaka uliofuata, mjini London, akatwaa medali ya dhahabu katika jukwaa la mita 10. Huko Helsinki mwaka 1952, siku ile ile alipotimiza miaka 32, akaitwaa tena. Hata hivyo mwaka 1955 alipotaka kununua nyumba mjini Garden Grove alikataliwa kwa sababu ya asili yake.

Wako wahubiri watakaosema kwamba dhiki ndiyo iliyomfanya awe shujaa, basi na ishukuriwe. Sisi hatukubali. Kuwafungia vijana mlango ni dhambi, wala dhambi haigeuki kuwa fadhila kwa kuwa mmoja wao amepata medali. Wangapi walirudi nyumbani Jumatano jioni wasirudi tena? Neema ya Mungu twaiona mahali pengine, katika mikono ya yule aliyechimba shimo.

Wazazi, walimu na makatekista, katika visima vyetu vya Ubatizo hatumwagi maji kwa sababu ya kabila la mtoto. Mbona basi baada ya Misa mtoto wa mkimbizi, kiwete, na yule asiye na ada husimama pembeni ya uwanja wakiwatazama wenzao wanavyocheza?

Daktari Lee hakuwa mtu wa kutazama tu. Alimfundisha kijana mmoja, Greg Louganis, ambaye shuleni alidhihakiwa kwa weusi wa ngozi yake. Mwaka 1976, huko Montreal, kijana huyo wa miaka 16 alipanda jukwaani, akarudi na medali ya fedha.