Haki ya Maskini na Milango Miwili ya Marekani

Katika darsa zetu za baada ya Isha limezuka suali ambalo tuliona si vyema libaki baina ya kuta nne: Je, maskini anaposaidiwa na watu wa mji wake au na serikali yake, hupewa haki yake au hufanyiwa ihsani? Mwenzetu mmoja alisema kuwa hili ni suali la maneno matupu, kwani shilingi ni shilingi, iingie mkononi kwa jina hili au kwa jina lile. Sisi hatuoni hivyo. Na kwa kuwa taifa la Marekani limelijibu suali hilo kwa majibu mawili yasiyopatana, yote mawili ndani ya kanuni moja iliyotiwa sahihi siku moja, tumependa kuwatazama wao kwanza kabla ya kujitazama sisi.

Mwaka 1929 biashara ya Marekani iliporomoka. Ilipofika 1933, katika kila wafanyi kazi wanne yapata mmoja hakuwa na kazi; mabenki yalifungwa na akiba za watu zikapotea. Waliodhikika mno ni wazee, kwani kijana aweza kuhama mji akatafute, lakini mtu wa miaka 70 aende wapi? Wala tusidhani kuwa wazee wale hawakuwa na watoto. Wengi walikuwa nao, illa watoto wenyewe hawakuwa na kitu. Tabibu mmoja mzee wa California, Francis Townsend, akatoa shauri kuwa kila aliyefika miaka 60 aache kazi na apewe dola 200 kila mwezi, kwa sharti azitumie zote kabla ya siku 30 kwisha. Hesabu yake haikuwa yenye kusimama, walakini watu wengi sana waliiunga mkono, na Rais Franklin Roosevelt akatambua kuwa jambo hili halingojeki. Kamati ya kuandaa kanuni iliongozwa na Waziri wa Kazi, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kupata uwaziri katika serikali ya Marekani. Na tarehe 14 Agosti 1935 kanuni ikatiwa sahihi.

Kanuni hiyo ilijenga milango miwili. Wa kwanza ni wa mfanyi kazi: hukatwa kidogo katika mshahara wake, na tajiri wake hutoa kiasi kama hicho, na afikapo uzeeni hulipwa kila mwezi mpaka afe. Leo makato hayo ni asilimia 6.2 kwa kila mmoja wao. Mlango wa pili ni wa asiye na mshahara wa kukatwa, khasa mama aliyefiwa au kuachwa na mume naye ana watoto wadogo. Huyu hupewa msaada, lakini kwanza lazima authibitishe ufukara wake mbele ya karani.

Mtu wa kwanza kulipwa malipo ya kila mwezi katika mlango wa kwanza alikuwa Bibi Ida May Fuller wa jimbo la Vermont, mwezi wa Januari 1940. Hundi yake ilikuwa ya dola 22 na senti 54. Alikuwa amekatwa kwa muda wa miaka mitatu tu, na jumla ya makato yake ilikuwa dola 24 na senti 75. Kwa hivyo hundi mbili zilitosha kumrudishia chote alichotoa. Mungu akamjaalia umri wa miaka 100. Alipokufa mwaka 1975 alikuwa amekwisha kupokea zaidi ya dola 22,000. Basi na tuulize: katika fedha hizo, zake ni zipi? Sehemu kubwa kabisa ilitoka katika mishahara ya watu wengine waliokuwa wakifanya kazi wakati huo. Hatusemi haya kwa kumlaumu Bibi yule. Twayasema kwa sababu hakuna aliyemwita ombaomba. Hundi ililetwa na posta. Hapana aliyekwenda kumhesabia vyungu vyake jikoni. Na mlango huo umefanya kazi kubwa: mwaka 1959 zaidi ya thuluthi ya wazee wa Marekani walihesabiwa kuwa mafukara, na siku hizi ni kama mmoja katika kumi.

Sasa tuutazame mlango wa pili. Katika majimbo mengi makarani walikuwa wakienda usiku wa manane nyumbani kwa mama apokeaye msaada, wakatazame chini ya vitanda na ndani ya makabati kama kuna mwanamume. Akionekana, msaada hukatwa, hata akiwa si baba wa watoto wala hawalishi. Mwaka 1960 jimbo la Louisiana liliwafuta watoto wapatao 23,000 katika daftari la msaada kwa hoja kuwa nyumba zao hazifai, kwa kuwa mama amezaa nje ya ndoa. Wengi wao walikuwa watoto wa watu weusi. Sisi Waislamu twajua zina ni nini katika dini yetu, wala hatuihalalishi. Lakini mtoto wa miaka mitatu anyimwe maziwa kwa dhambi ipi aliyoitenda? Ilikuwa hata 1968 ndipo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilipokataza mtindo wa kuwanyima watoto kwa sababu ya mwanamume aingiaye nyumbani kwa mama yao, na 1970 ikaamua kuwa mtu hawezi kukatiwa msaada kabla ya kusikilizwa.

Tena wako ambao mlango wa kwanza ulifungwa usoni mwao tangu mwanzo. Wafanyi kazi wa mashamba na watumishi wa majumbani hawakutiwa katika kanuni ya 1935, na hizo ndizo kazi zilizokuwa za weusi wengi. Wanachuoni wa tarikh wameshindana kama sababu ilikuwa ni uzito wa kukusanya makato au ni matakwa ya wakubwa wa majimbo ya kusini. Kwa aliyebaki nje mvua ni ile ile. Waliingizwa kwa masahihisho ya 1950 na 1954.

Mwaka 1996 Rais Clinton alitia sahihi kanuni iliyougeuza mlango wa pili: ikaondolewa dhamana ya zamani kuwa kila mwenye kutimiza masharti atapewa, na fedha za serikali kuu zikawekewa mpaka wa miaka mitano katika umri wote wa mtu mzima. Mlango wa kwanza, kinyume cha hayo, kila mwanasiasa auogopa.

Watu wa Marekani ukiwauliza sababu ya tofauti hii, aghlabu hujibu kuwa mzee alitoa, na yule mama hakutoa. Lakini jawabu hilo halisimami. Tumekwisha kuona hesabu ya Bibi Fuller. Na mwaka 1960 ilifika mahakamani kesi ya mhamiaji mmoja mzaliwa wa Bulgaria, aliyekatwa mshahara kwa miaka 19, kisha akafukuzwa nchini na malipo yake yakasimamishwa kwa sababu zamani aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Mahakama ikaamua kuwa makato hayakumpa milki katika malipo hayo, na kwamba baraza la kutunga kanuni laweza kuyabadilisha. Roosevelt mwenyewe alipata kueleza kuwa makato yaliwekwa kwa hikima ya siasa, ili watu wajione wana haki na mwanasiasa yeyote asithubutu kuwanyang'anya. Basi heshima ya mlango wa kwanza haikuota yenyewe kama nyasi. Ilijengwa kwa makusudi. Na waliojenga heshima mlango huu wangaliweza kuijenga na ule.

Sharia yetu yasemaje? Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imewataja wenye kupewa zaka mafungu manane, na mafukara na maskini ndio waliotangulizwa. Wala hapana sharti kuwa maskini awe alitoa zamani. Abu Yusuf katika Kitabul-Kharaj amesimulia khabari ya Sayyidna Umar na mzee wa Kiyahudi aliyemkuta akiomba mlangoni. Umar alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwamrisha mwenye kutunza Baitul-mali amwangalie yeye na walio mfano wake. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba si insafu kula ujana wa mtu kwa kodi kisha kumtupa uzeeni, na kwamba mzee yule ni katika maskini waliotajwa katika aya. Hebu tuzingatie. Hoja ya kwanza ndiyo ya mlango wa kwanza wa Wamarekani, na ya pili ndiyo ya mlango wa pili. Umar alizitia zote mbili mlango mmoja, na yule mzee hakujua ameingia kwa hoja gani.

Wako miongoni mwetu wasemao kuwa serikali ikiwalisha wazee, watoto watasahau wazazi wao. Hofu hii si ya Waislamu peke yao. Marekani wako Wakristo waitwao Amish, wakulima wasiotaka bima ya serikali, kwani kwao kumtunza mzee ni ibada. Mwaka 1961 watoza kodi waliwakamata farasi wa mkulima mmoja wao huko Pennsylvania kwa kuwa alikataa kutoa, na mwaka 1965 kanuni ikawasamehe. Lakini waliwekewa sharti: jamaa hiyo ionekane kweli, tena kwa miaka mingi, inawatunza watu wake wasiojiweza. Asemaye “sisi twatunzana” na aonyeshe.

Nasi twaonyesha nini? Kila Ramadhani twaona safu za wanawake na vizee wameketi juani kwenye vizingiti vya matajiri tangu asubuhi, wakisukumana kwa ajili ya noti moja, na vijana wakiwakemea. Wengine ni mama za watu tuliosoma nao chuoni. Mwenye haya zaidi, naye aghlabu ndiye mwenye dhiki zaidi, haonekani safuni kabisa.

Mwaka huu tumeazimia kujaribu katika mtaa mmoja: watu wawili waaminifu waandike majina kabla ya mwezi kuandama, na kila fungu lipelekwe nyumbani kwa mwenyewe baada ya Isha, katika bahasha isiyo na jina la mtoaji. Wafanyi biashara wengine walikubali papo hapo. Mmoja, naye ni mtu wa kheri, alinyamaza kitambo, kisha akatwambia kuwa mlango wa babake haukupata kufungwa siku za Ramadhani, na kuufunga ni kama kumzika mara ya pili. Neno hilo ni zito wala hatukulidharau. Tumepatana naye kuwa mlango ubaki wazi kwa salamu na futari, na zaka yake tumletee bahasha aitie mwenyewe.