Tuandikiane Kabla ya Kukabidhiana Funguo

Nenda kwenye msiba wowote wa uswahilini Dar es Salaam, uwe Tandika au Mwananyamala, utamkuta kijana amekaa karibu na mlango, daftari la shule mapajani. Kila anayetoa rambirambi anaandikwa jina na kiasi, awe ametoa elfu hamsini au elfu moja. Baadaye orodha inasomwa mbele za watu na hakuna anayenuna. Kwenye vikoba ni hivyo hivyo: akina mama waliokua kwenye kibaraza kimoja wanaandikiana hisa, mikopo, mpaka faini za kuchelewa, kisha wanaagana wakicheka. Maandishi hayajawahi kutuvunjia udugu.

Watu hao hao wakienda kutafuta chumba, daftari wanaliacha nyumbani. Mtu anatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine hela kubwa kuliko zote alizoshika mwaka huo, anaongeza kodi ya mwezi mmoja ya udalali, na anachoondoka nacho ni funguo na maneno: "Usijali, hapa msimamizi ni mimi." Akiomba karatasi, dalali anakunja uso. "Ina maana huniamini?" Swali hilo limewafunga mdomo wengi wenye akili zao, kwa sababu tumelelewa kuona haya kumshuku mtu machoni pake.

Lakini kuandikiana hakujawahi kuwa dalili ya shaka. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Walioamrishwa hivyo ni waumini kwa waumini.

Nina jirani Mbagala, mama ntilie. Dalali wake alimwahidi kwamba bati la jikoni lingebadilishwa kabla ya masika. Mvua zikaja, maji yakamwagika kwenye jiko la mkaa, dalali akaruka: hajaahidi kitu. Mwenye nyumba, anayeishi mkoani, akasema hata kodi iliyomfikia ni ya miezi mitano. Kumbe huyu mama ana desturi yake. Kila akimaliza kuongea na dalali kwa simu, anamwandikia ujumbe: "Kaka, kama tulivyoongea leo, nimekutumia kodi ya miezi sita, Januari mpaka Juni, na umesema bati la jikoni litabadilishwa kabla ya masika. Kama nimekosea nirekebishe." Chini yake dalali alikuwa amejibu: "Sawa dada." Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliusoma ujumbe ule kwa sauti, pale pale ofisini, na ubishi ukaishia hapo.

Mimi nimeipenda sana sentensi yake ya mwisho. Kama nimekosea nirekebishe. Hamshutumu mtu, hamtishi, anampa nafasi ya kusema kweli mapema, wakati wote wawili bado wanakumbuka walichoongea na hakuna aliyekasirika.

Mpangaji wa leo analihitaji hilo kuliko baba yake alivyolihitaji. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili. Sheria ya Ardhi ya 1999, nayo, inakubali upangaji wa mwaka mmoja kushuka chini uwe wa mdomo tu. Kwa hiyo yule wa miezi sita, pasipo maandishi, ana neno lake dhidi ya neno la mwenzake. Afadhali Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokewa kama ushahidi. Ila simu za mji huu zinachomolewa kwenye madirisha ya daladala. Ujumbe muhimu umtumie na ndugu yako, au unakili daftarini pamoja na tarehe.

Na usiufute ujumbe wa kununua umeme wa LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo. Mwenye deni ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na asiyetunza kumbukumbu za makato hawezi kudai kurudishiwa hata senti.

Daftari hilo litamwandika mpangaji pia: mwezi aliochelewesha kodi, kitasa alichovunja mtoto wake. Ni haki. Anayetaka kulindwa na maandishi akubali nayo yamshike.

Ofisi za serikali za mitaa zingeweza kuweka mezani mkataba wa ukurasa mmoja, wa Kiswahili chepesi, wenye jina la dalali na namba yake ya NIDA, simu na saini ya mwenye nyumba, na nafasi ya kuandika hali ya chumba siku ya kuingia. Mpangaji auchukue bure kabla hajatoa hela. Madalali waaminifu, nao wapo wengi, naamini watakuwa wa kwanza kuufuata.