Je, Kunyamaza Ndiko Kuzuia Ulimi?

Katika makanisa yetu hapa Nyarugusu hakuna fundisho ambalo vijana wanalisikia mara nyingi kama hili la ulimi. Msichana akiuliza swali gumu, anaambiwa achunge mdomo. Kijana akilalamika kuhusu mgao, anaambiwa Mkristo wa kweli huzuia ulimi wake. Mimi nafanya kazi na vijana, nayasikia haya karibu kila wiki, na nimefika mahali pa kujiuliza: hivi, kila anayenyamaza ameuzuia ulimi?

Fundisho lenyewe linatoka hasa kwenye Waraka wa Yakobo, sura ya 3. Mle anataja hatamu ya farasi, usukani wa meli, na moto mdogo unaoteketeza msitu. Farasi hatuna kambini. Lakini usukani, wazee wetu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakitoka Fizi na Uvira wanaujua vizuri. Waulize. Boti ikipigwa na mawimbi usiku, mshika usukani hasifiwi kwa kuufunga kamba ili usicheze. Akiufunga, mnaishia kwenye miamba. Kazi yake ni kuugeuza, huku kidogo, kule kidogo, mpaka mfike Kigoma. Ndivyo ninavyomwelewa Yakobo: alitaka ulimi uongozwe.

Na kuna jambo watu wanaliruka. Katika sura ya 1 anasema dini ya mtu asiyeuzuia ulimi ni bure, na mstari unaofuata tu anataja yatima na wajane katika dhiki yao. Sidhani imetokea hivihivi. Anayeongoza ulimi wake anatakiwa ajue anaelekea kwa nani.

Chukua maneno ya bombani. Foleni ya maji ni ndefu, maneno hayalipiwi. Faili la mama fulani limesogea, basi kesho yake kuna mtu tayari anajua alitoa nini ili lisogee. Hakuna aliyeona. Kila mmoja anasema "eti". Hilo neno "eti" ni baya kuliko tunavyodhani: unamchafua mwenzako, mikono yako inabaki safi. Jioni mume amesikia, na usiku majirani wanasikia kelele nyumbani kwake. (Na ninyi wahudumu wa mashirika mnaosoma hapa, msicheke. Baadhi yenu mnajadili kesi zetu kwa sauti, madirisha ya gari yakiwa wazi.)

Au chukua maneno juu ya Warundi waliofika mwaka 2015, kwamba ndio wanaotumalizia chakula. Asubuhi tumeimba kwaya, mchana kinywa kilekile kinatukana watu walioumbwa kwa mfano wa Mungu. Tunaita mzaha. Sisi wa Maziwa Makuu ndio wa mwisho wenye haki ya kuita mzaha. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kutangaza mwaka 1993, ikawa inawaita Watutsi mende, na mwaka uliofuata tunajua kilichotokea. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, nchi hiihii tuliyokimbilia, iliwatia hatiani watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia vifungo, haikumwachia hata mmoja.

Mpaka hapo tunakubaliana wote. Ugumu uko upande wa pili.

Binti anaumizwa na mtu mzima wa kanisa lake. Wazee wanakaa, wanaomba, kisha wanasema jambo hili lisitoke nje, litauaibisha mwili wa Kristo. Ndimi zao wamezizuia kweli, hakuna aliyeropoka. Lakini wamezielekeza wapi? Aliyelindwa pale ni yule mtu mzima na jina la kanisa. Binti, ambaye hana baba wala mama, ameachwa na siri yake. Mimi nasema kunyamaza kwa namna hiyo kunaibeba dhambi ileile ya bombani, tofauti ni kwamba huku kumevaa koti la Jumapili.

Kijana mmoja aliniambia, "Yaya, ukisema utaitwa mchochezi, na nyumbani wataogopa faili litakwama." Siwezi kumwambia hofu hiyo ni ya bure. Ninayo pia. Ila nilimweleza habari ya mama mmoja wa kwaya, mjane. Jambo la binti kama huyo lilipoanza kunong'onwa, alikataa kulizungumza kwenye foleni hata alipochokozwa. Siku ya tatu alimshika binti mkono, wakatembea mpaka dawati la jinsia la polisi, akakaa naye hadi maelezo yakamalizika kuandikwa. Aliyoyasema pale ni yaleyale wengine waliyokuwa wakinong'onezana na ndoo zao. Yeye alimwambia mtu mwenye kazi ya kusaidia, mbele ya binti mwenyewe, na binti alikuwa amekubali.

Kanisani kwake wapo ambao mpaka leo wanasema hajui kutunza siri.