Yaliyopita si Ndwele, Ganga Yajayo

Methali hii hutumiwa zaidi na wasuluhishi wanaotaka ugomvi uzikwe, na kwa sababu hiyo wengi huishia kwenye nusu yake ya kwanza, ilhali uzito wake wa kifalsafa umo katika nusu ya pili. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Kwa hiyo anayeyauguza yaliyopita anauguza kisicho ugonjwa, na kuhusu yajayo haamriwi kuyawaza, anaamriwa kuyatibu. Tiba ni kazi yenye mwanzo na mwisho, lakini wasiwasi, yaani hofu ya jambo ambalo halijatokea, humkesheza mtu usiku kucha bila kumfikisha kwenye uamuzi wowote.

Maana hiyo hudhihirika katika ntumba, kilimo cha zamani cha Wafipa wa uwanda wa juu wa Sumbawanga. Mvua zinapoelekea kuisha, mkulima huparua nyasi pamoja na udongo wake, huzipindua na kuzifukia katika matuta ya mviringo ili zioze kiangazi chote. Msimu mpya unapowadia, mnamo Novemba au Desemba, matuta husambazwa na ulezi au mahindi hupandwa juu ya mbolea hiyo. Mkulima huyo hajui kama mvua ijayo itakuwa nyingi au haba, na mavuno hafifu ya mwaka uliopita hawezi kuyarudisha, lakini rutuba ya shamba imo mikononi mwake, naye huishughulikia miezi mingi kabla ya wingu la kwanza kuonekana.

Chini ya Lyamba lya Mfipa, ukingo wa uwanda huo, katika bonde la Ziwa Rukwa kilimo kijiji cha Muze, huonekana mpaka wa tiba hiyo. Ziwa hilo halina mto unaotoka, nalo hupanuka na kunywea kwa kadiri ya mvua na jua, wala hakuna awezaye kulizuia kwa kuliwaza. Liwezekanalo ni kuchagua mahali pa kujenga na pa kulima. Kuganga kunadai kwanza kupambanua lililo ndani ya uwezo wa mtu na lililo nje yake, kama alivyofundisha pia mwanafalsafa Epictetus.

Hata hivyo, ni kosa kubwa kuitumia methali hii kumnyamazisha mtu ambaye mawazo yamemnyima usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kazi kwa majuma mengi. Kwake yaliyopita yamekwisha kuwa ndwele hasa, na jamaa zake wampeleke kwa mtaalamu wa afya.