Safari ya Milimani: Hiari na Wajibu

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, na katika Milima ya Mbizi, jirani na Sumbawanga, unapita mita 2,000. Msafiri wa leo hutembea humo siku kadhaa kwa hiari, hema na chakula mgongoni. Je, taabu ya kujitakia ina thamani sawa na taabu ya wajibu?

Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao walipita nchi hiyo ya Wafipa wakiuchukua mwili wa bwana wao, mpelelezi David Livingstone, aliyefia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874. Bwana wao alikwisha kufa. Wangeweza kumzika hukohuko na kutawanyika. Wajibu waliubeba kwa hiari yao.

Hiari na wajibu, basi, havipingani. Uislamu hupima tendo kwa nia. Ukristo hupima sadaka kwa upendo. Kwa mizani zote mbili, ugumu wa njia pekee haumtakasi mtu. Safari hupata uzito wa kimaadili kutokana na kile ambacho msafiri anakitaabikia.