Mifupa Hii ni Amana ya Nani?

Katika vilima vya Gusii, Kiogoro ikiwemo, mtoto wa Kiadventista hukua akisikia kwamba mwili ni hekalu la Roho, na fundisho hilo kwa kawaida hutumika kukemea pombe na tumbaku. Lifuate hadi uwanjani, kwa msichana wa miaka 15 anayekimbia kila alfajiri, anayekula kidogo ili awe mwepesi, na ambaye kwa miezi minne hajaona siku zake. Wenzake humwona mwenye bahati. Kumbe mwili uliokosa chakula cha kutosha umepunguza estrojeni, na bila homoni hiyo mifupa haijengeki ipasavyo. Sehemu kubwa mno ya uimara wa mifupa ya mwanamke hupatikana kabla ya miaka 20. Kinachopotea wakati huo huenda kisirudi chote. Hapo swali huwa la umiliki. Tukisema mwili ni wake, afanye atakalo, tunamsahau mwanamke wa miaka 65 atakayesimama juu ya mifupa hiyohiyo, naye hakuulizwa. Msichana ameshika amana: ya Mungu, kwa anayeamini, na ya bibi huyo, hata kwa asiyeamini.

Mtu atanionyesha Wakorintho wa Kwanza, sura ya 9, Paulo anapojifananisha na mkimbiaji autiishaye mwili. Sawa, lakini hekalu liko sura ya 6 ya waraka uleule, na ng'ombe wa plau hatiishwi kwa njaa. Pingamizi la umaskini ni zito zaidi: medali hulipa karo, na wembamba kweli huweza kuongeza kasi, kwa msimu mmoja au miwili. Ila mtazame Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii. Alijifungua mwaka 2015, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, kisha akashinda mbio za Boston 2023 akiwa na miaka 33. Fedha ya riadha mara nyingi huchelewa, na mfupa wa binti uliopata ufa kwa mazoezi akiwa na miaka 17 unaweza kumtoa njiani kabla fedha hiyo haijafika. Obokima (ugali) ya wimbi, mboga ya chinsaga, omena na maziwa vinamfaa, mradi sahani ijae. Kalsiamu pekee haimrudishii hedhi mwenye njaa. Na kama kocha anaona haya kuuliza habari za hedhi, yupo mama, yupo mwalimu wa kike, yupo muuguzi wa zahanati.